Namba Yangu Ilikuwa Chini ya Joviale

Asubuhi moja nilikuta jina langu limewekwa chini ya jina la mutoto niliyemufundisha mimi mwenyewe kurusha ndege.

Usicheke. Soma kwanza.

Naitwa Twahiru, piloti wa Goma. Mambo haya yalinikuta uwanja wetu wa ndege ukiwa haujafungwa bado.

Kampuni yetu ndogo ilikuwa mali ya kampuni kubwa ya Kinshasa. Wakubwa wakaamua zote mbili ziwe moja, na piloti wote tuwekwe kwenye liste moja, kufuata nani alitangulia kazini.

Kwa piloti, ile liste ndiyo maisha. Aliye juu anachagua ndege na safari. Kazi ikipunguka, wa chini ndio wanafukuzwa kwanza.

Mimi na miaka yangu kumi na mbili nikapewa namba sitini na moja.

Joviale, aliyekuwa kopiloti wangu mbele ya kuhamia kampuni ya Kinshasa juzijuzi tu, namba thelathini.

"Umeona?" Komanda Kamate alininong'oneza. Alikuwa delege wetu, mutu wa kutusemea kwa wakubwa, tena rafiki wa nyumbani kwangu mutaa wa Ndosho. "Huyu binti ana mutu wake kule juu. Umuchunge."

Sumu ikaniingia.

Wiki ile Joviale akarudishwa Goma, akaketi kuume kwangu.

"Bonjour, Papa Twahiru!"

Nikajibu kwa kichwa tu. Kila alipogusa kalamu, nikajiuliza ananiripoti kwa nani.

Tukielekea Beni, juu ya Vitshumbi, mawingu meusi yakafunga njia.

"Papa, turudi."

Nikawaza: huyu anataka kesho aseme muzee ameogopa.

"Tunapita."

Ndege ikatupwa chini kama kopo tupu. Nyuma watu wakapiga kelele, mama mumoja akamuita Yesu. Joviale hakunigombeza. Aliweka mukono wake juu ya wangu.

"Papa Twahiru. Tafazali."

Nikageuza.

Tulipotua Goma, nikamuuliza wazi: "Nani alikuweka juu yangu?"

Alishangaa kweli. "Papa, mimi sikupandishwa. Ni ninyi wa Goma mulioshushwa! Munahesabiwa tangu siku ya kuunganishwa. Miaka ya zamani yote imefutwa. Nilifikiri mulikubali."

"Nani alikubali?"

Hakujua. Lakini mukubwa wa Kinshasa alipokuja kutukutanisha, Joviale ndiye alisimama wa kwanza.

"Wa Goma wote wako chini. Sababu gani Komanda Kamate peke yake ni namba nne?"

Sisi tulikuwa tumeiona ile namba nne. Tulisema tu, yule ni muzee wa zamani.

Mukubwa akajibu bila wasiwasi: "Si ndiye alisaini mapatano kwa jina lenu? Aliomba miaka yake ibakie."

Kamate akaanza kutafuta simu mufukoni.

Yeye! Aliyekula mezani kwangu, akinihurumia!

Tulikataa kuruka mpaka mapatano yafanywe upya. Kinshasa walirudisha nusu ya miaka yetu. Nsanzimana, mwenzetu wa mwisho kwenye liste, alikuwa amekwisha kufukuzwa. Hakurudishwa.

Kamate alibakia na namba yake. Kila kopiloti akipangwa naye, anaomba kubadilishwa.

Wewe unayesoma, ukionewa, usimurukie wa kwanza unayeonyeshwa kwa kidole. Angalia kwanza kidole ni cha nani.