Mama wa Kamanga na Shingo Tuliyoikariri

Misuli ya kichwa niliijua kwa kutafuna. Mwaka wangu wa kwanza katika chuo cha matabibu jijini Mwanza, mimi na mwenzangu wa chumba tulikuwa tunapanda mwamba ulio nyuma ya hosteli na sahani ya mihogo ya kuchemsha. Kila mmoja aliweka vidole kwenye taya za mwenzake, tukatafuna taratibu huku tukitaja: huu unafunga mdomo, huu ulio juu ya sikio unausaidia. Misuli ya uso tuliifuata kwa kununa na kupiga mluzi. Ya kiwiliwili ilikuwa kazi zaidi. Mwenzangu alilala kifudifudi nikamchora mgongo mzima kwa kalamu ya wino, kuanzia kisogoni hadi kiunoni, na wino ule ukagoma kutoka. Jumapili alikwenda kanisani na trapezius, ule msuli mpana wa shingo na mabega, ukichungulia juu ya kola ya gauni.

Nilikuwa na kichwa cha kukariri, na mkufunzi wetu wa anatomia alinipenda kwa hilo. Alikuwa mwanaume wa makamo, mtanashati, koti lake jeupe limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe. Wakija wageni darasani, aliniinua mimi. Nami, siwezi kudanganya, nilipenda kuinuliwa.

Siku moja alitupeleka kliniki ya upasuaji katika hospitali tuliyokuwa tunafanyia mafunzo. Tulikuwa wanafunzi kumi na wanane, tukajibana ndani ya chumba kidogo. Kwenye kiti alikaa mama wa miaka kama arobaini. Alikuwa amevuka ziwa kwa kivuko asubuhi hiyo kutoka Kamanga, ambako kazi yake ilikuwa kubeba ndoo za dagaa kichwani, kuzitoa mitumbwini na kuzipeleka kwenye vichanja vya kuanikia.

Mkufunzi hakumsalimia. Alisema tu, "Vua juu."

Mama akautazama mlango, ambao ulikuwa wazi na watu wanapita. "Zote?"

"Vua, mama. Tuna foleni."

Akavua. Kitenge chake alikishikilia kifuani kwa mkono wa kushoto. Mkufunzi akamwambia anyanyue mikono yote miwili, kwa hiyo kitenge nacho kikaanguka. Mkono wa kushoto ulipanda hadi juu. Wa kulia ulifika usawa wa bega ukakwama, ukatetemeka, ukarudi. Bega lenyewe lilikuwa limeshuka, na mfupa wake wa nyuma umejitokeza. Pembeni mwa shingo palikuwa na kovu dogo, halizidi urefu wa kidole gumba.

"Wewe," mkufunzi akaninyooshea kidole. "Waeleze wenzako."

Nikatupia jicho faili lake lililokuwa wazi mezani, nikaeleza. Nilieleza kwa Kiingereza, lugha tuliyofundishiwa, kwa kasi na bila kukosea, huku nikiugusa mwili wa yule mama kama ubao wa darasani. Kwamba miezi kadhaa nyuma alikuwa na tezi shingoni, ikakatwa ili ipelekwe maabara. Kwamba kisu kilipita mahali ambapo mshipa wa fahamu unaoupa nguvu trapezius uko karibu sana na ngozi, kikaukata. Kwamba msuli umelala, ndiyo maana bega limeanguka na mkono haupandi.

"Safi sana," akasema mkufunzi.

Kisha akaonyesha chale mpya begani, mistari midogo myeusi iliyopangwa miwilimiwili. "Na hawa ndio wagonjwa mtakaowatibu," akasema. "Hospitali ipo, yeye anakwenda kuchanjwa kwa mganga."

Hilo alilisema kwa Kiswahili. Ugonjwa wa mama tuliuficha kwenye Kiingereza, lakini tusi alipewa kwa lugha anayoielewa. Darasa likacheka. Nami nilicheka.

Mama akaokota kitenge chake. "Daktari, samahani," akasema. "Huyu binti amesema nini? Mmenishika shingo, mmetajataja. Mimi ninaumwa nini?"

"Utaambiwa na daktari wako."

"Daktari wangu ndiye aliyenikata. Kila nikija ananiambia nifanye mazoezi, nisiwe mvivu."

"Vaa, mama. Aingie mwingine."

Hasira haikunijia palepale, na hilo linanikera hadi leo. Ilinijia nje, nilipomkuta kwenye benchi la ukumbini akihangaika kufunga kitenge kwa mkono mmoja, watu wakimpita. Nikaketi karibu naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikamfungia kitenge. Halafu nikamwambia yote niliyoyasema mle ndani, safari hii kwa Kiswahili, polepole. Ilinichukua dakika chache tu. Hakuna neno lililokuwa gumu: walipokata tezi, walikata na mshipa unaoupa nguvu msuli wa bega. Dakika chache ambazo hakuna mtu mwenye koti jeupe aliyempa kwa miezi minane.

Alinisikiliza bila kupepesa macho. "Kwa hiyo sijarogwa?"

"Hapana, mama."

"Na si uvivu?"

"Si uvivu hata kidogo."

Kisha akaniambia kwamba mkono ulipoanza kukataa na hospitali ikawa haina jibu, walitafuta jibu nyumbani. Likapatikana: wifi yake ndiye aliyemroga. Walikuwa wamegombana kuhusu shamba la mihogo wiki ileile aliyokatwa. "Nilimtukana msibani, mbele za watu," akasema. "Nikamwambia amenifunga mkono. Watoto wake hawaji tena kwangu. Na ninyi mlikuwa mnajua?"

Nilimpeleka hadi chumba cha mazoezi tiba, nikamwomba mtaalamu wa zamu amwandikishe.

Kesho yake mkufunzi aliniita ofisini. Mama alikuwa amerudi asubuhi na mume wake, wakaulizia faili na jina la aliyekata.

"Nani alikutuma kuzungumza na mgonjwa?"

"Aliuliza, mwalimu."

"Nilikuuliza wewe, au nilimuuliza yeye? Unataka kuiingiza hospitali kwenye kesi? Kazi yako hapa ni kujifunza misuli."

"Nimejifunza kwenye mwili wake, mwalimu. Na yeye ana haki ya kujifunza."

Nadhani hakuwahi kujibiwa hivyo na mwanafunzi. Akanipa karatasi niandike barua ya maelezo. Niliandika mistari mitatu: mgonjwa aliuliza anaumwa nini, nilikuwa najua, nikamwambia. Akaisoma, akasema haina majuto. Nilizuiwa kuingia kliniki kwa mwezi mzima, na mtu aliyekuwa akiniinua mbele ya wageni hakuniinua tena. Wenzangu walinishauri niombe radhi yaishe. Radhi ya kosa gani? Hakuna aliyeweza kunitajia.

Mume na mke wale nao waliambiwa suala lao linashughulikiwa. Sijasikia kwamba lilishughulikiwa.

Yule mama nilimwona tena mwaka uliofuata, kwenye kivuko, nikirudi likizo kwetu Sengerema. Alikuwa na beseni la nyanya. Yeye ndiye aliyenitambua. Akanyanyua mkono wa kulia kunionyesha: ulipita bega kidogo, ukafika usawa wa sikio, basi. Ndoo za dagaa ameziacha, sasa anauza nyanya na vitunguu mezani.

"Na wifi?" nikauliza.

"Nilikwenda kwake na mume wangu, nikapiga magoti. Akanipa maji nikanywa. Lakini watoto bado hawajazoea." Akayatazama maji kidogo. "Siku ile mle chumbani, na wewe ulicheka."

Ningeweza kusema sikumbuki.

"Nilicheka, mama. Nisamehe."

"Nilikuona," akasema. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Kivuko kilikuwa kinagusa gati la Kamanga na watu wanasukumana kushuka. Akalisogeza beseni kwa mguu hadi mbele yangu, nami nikainama nikalibeba.