Intumba za Mwisho za Bertilla

Bertilla ndiye aliyekuwa akihesabu mapaa. Mumewe, Mzee Kalisti, alikuwa akisikiliza tu.

Walipohamia Kasense wakiwa vijana, ukisimama mlangoni kwao uliona nyasi, upepo ukizilaza na kuziinua, na mapaa saba, yote ya nyasi. Sumbawanga mjini kulikuwa kule, moshi nyuma ya miinuko. Kila mwaka baada ya mavuno Bertilla alitoka na kidole chake. Kumi na moja. Ishirini na tatu. Mwaka mmoja akafika mia na nne, akarudia, akapata mia na tisa, akashusha mkono.

"Baba Christopha," akasema, "haya hayahesabiki tena. Watu wanaezeka nikiwa katikati ya hesabu."

Hakusema uongo. Mji ulikuja kama maji ya masika bondeni: unapatazama pakavu, unageuka kumwita mwenzako, ukitazama tena pamejaa. Zilianza tanuri za matofali, zikifuka wiki nzima. Zikaja bati za kawaida, kisha bati za msauzi, nyekundu na bluu na kijani, mpaka mchana wa jua macho yalitoka machozi. Zikaja nguzo za umeme. Njia ya ng'ombe ikapitiwa na bodaboda, halafu bajaji. Walikuja walimu wapya, mafundi, wanunuzi wa mahindi, watu wa ziwani waliochoka na nyavu. Shule ikajaa, watoto wakawa wanasoma kwa zamu, wa asubuhi wakipishana barabarani na wa mchana.

Kalisti hakukaa darasani hata siku moja, na hakuwa na neno la jambo lile. Alichofanya ni kuvua kofia. Siku maji ya bomba yalipotoka pale kioskini, mita hamsini tu kutoka mlangoni kwake, aliyatazama yakijaza ndoo ya mkewe, akavua kofia. Bertilla alicheka.

"Unaamkia bomba?"

"Miaka arobaini umepanda na kushuka chemchemi," alisema. "Acha niliamkie."

Shamba lao lilikuwa limebaki kipande. Walikuwa wameligawa na kuliuza kiwanja kimoja kimoja, kama kila mtu. Kilichobaki mbele ya nyumba kilitosha intumba sitini hivi, na Bertilla hakukubali kiguswe. Mvua zinapoelekea ukingoni, Mfipa hulima majani, huyakusanya, huyafunika kwa udongo uliogeuzwa, na kuinua tuta la mviringo linalofika magotini. Juu hupanda maharage. Ndani majani yanaoza taratibu. Mvua nyingine zikianza, tuta linafunguliwa, mbolea inasambazwa, unapandwa ulezi. Hiyo ndiyo intumba. Kiangazi, shamba lililobaki na intumba zake kati ya nyumba za matofali lilifanana na kundi la kondoo waliolala mjini.

Mwaka wa mwisho Kalisti hakuwepo kazi ile ilipofanyika. Alikuwa kijiji cha Msanzi kwenye msiba wa kaka yake, akakaa majuma matatu. Kabla hajaondoka wapimaji walikuwa wamepita mtaani wakachimbia bikoni, yaani vyuma vyenye zege la kuonyesha mipaka na barabara. Moja iliwekwa ndani ya shamba lake. Aliporudi, intumba zote zilikuwa zimesimama na bikoni haikuonekana. Hakuuliza. Alichouliza ni sufuria kubwa lililotoboka, ambalo alikuwa akiwekea misumari.

"Lina kazi," Bertilla alijibu, akaendelea kupepeta.

Maharage yakavunwa. Mwezi wa saba Bertilla aliugua siku nne, na ya tano wakamsindikiza makaburini.

Mvua zilipoanza tena, majirani wachache waliobaki na mashamba walifungua intumba zao. Kalisti alitoka na jembe, akasimama mbele ya tuta la kwanza. Juu yake udongo bado ulikuwa na alama za viganja. Bertilla alikuwa na desturi ya kulipiga piga tuta akimaliza, kama anayemlaza mtoto. Mvua zilikuwa hazijazifuta zote. Alirudisha jembe ndani.

Ikapita wiki. Ikapita nyingine. Wakati wa kupanda ulezi ukawa unamponyoka, naye akawa anaujua na kuuacha uende.

Jirani yake wa ng'ambo ya njia aliitwa Salome, fundi cherehani mwenye watoto watatu. Nyumba yake aliijenga kwa miaka sita, tofali kwa tofali, na chumba cha mbele ndicho kilikuwa cha cherehani. Tangu msiba, kila asubuhi Salome alivuka na kikombe cha uji wa ulezi, akakiweka kwenye kizingiti, akasema "Shikamoo baba," na kwenda zake. Siku moja ya mwezi wa kumi na mbili Kalisti alipoinua macho kutoka kwenye kikombe aliona ukuta wa Salome una alama nyekundu, mistari miwili iliyokatana.

Alama ile ya kubomoa haihitaji shule.

Siku hiyohiyo akaja mwenyekiti wa mtaa, Jovina, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani, pamoja na mpimaji kijana aliyeitwa Gabriel. Kijana alivaa koti zito na bado alitetemeka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Upepo umekuonea."

"Huku mna baridi, mzee. Mimi kwetu Tanga." Kijana akatazama shamba, akashusha sauti. "Poleni sana. Sikujua. Haya makaburi yote ni ya ukoo?"

Jovina akashika kiuno. Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka.

"Makaburi! Kaka, umekuja kupima Ufipa hujui intumba? Humo tumezika majani."

"Majani?"

"Majani. Na yanafufuka. Uulize uji uliokunywa asubuhi kwangu."

Kijana aliona aibu, akafuta kitu kwenye karatasi yake. Kalisti hakucheka. Alikuwa akiangalia zile intumba, na neno la kijana lilikuwa limemwingia.

Jovina akaketi kwenye gogo, akaeleza. Barabara ya mtaa inachongwa. Greda linakuja Ijumaa. Chini ya barabara litapita bomba kubwa la maji, pembeni mfereji. Lakini waliopima mwanzo walikuwa watu wengine, wameondoka na namba zao, na bikoni za huku mwisho na za kule mwisho zimeng'olewa na wauza chuma chakavu. Bila hata moja, barabara itafuata njia ya zamani, na ikipanuliwa hapo itakula chumba cha mbele cha Salome.

"Na bikoni ikipatikana?" Kalisti aliuliza.

"Nyumba ya Salome inapona," alisema Gabriel. "Barabara inasogea huku. Itachukua ukanda wa shamba lako, mzee. Nisikufiche."

"Ilikuwa humu ndani, baba," Jovina alisema. Sasa sauti yake ilikuwa ndogo. "Najua ni kazi ya mikono ya marehemu. Mimi mwenyewe nisingetaka mtu aguse. Lakini lazima tuzifungue tuitafute. Zote. Au uniambie hapana, niende nikamwambie Salome."

Kalisti alitega sikio. Ng'ambo cherehani ilikuwa ikilia, inasimama, inalia. Salome alikuwa anajua ni nini wanachozungumza, na hakutoka nje.

"Amekuomba?" Kalisti aliuliza.

"Salome? Hata neno. Nilimwambia aje, akasema mzee bado ana msiba."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Nipeni mpaka kesho."

Siku iliyofuata palipambazuka bila wingu, jambo adimu mwezi ule. Gabriel alikuja mapema na sanduku jeusi. Akatoa humo kidude chenye panga nne kama za feni, akakiweka chini, kikavuma kama nyuki na kupanda moja kwa moja juu, mpaka kikawa doa.

"Hakina mtu?" Kalisti aliuliza.

"Hakina, mzee. Kina jicho tu. Njoo uone kinachoona."

Alimpa kishikwambi. Kalisti alikishika kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea bakuli lililojaa. Mara ya kwanza aliona rangi tu. Kisha kijana akamwonyesha kwa kidole: hii nyumba yako, huyu hapa mlangoni ni wewe. Na kweli, yule mtu mdogo alikuwa na kofia.

Akavua kofia. Yule mdogo naye akavua.

Ndipo akaona. Mapaa. Mapaa yaliyobanana kama punje kwenye gunzi, mekundu, ya bluu, mengine mapya yanayong'aa, mengine kuta bado hazijaezekwa. Njia zikipinda kati yake. Yalitoka kwake yakapanda mwinuko, yakateremka upande asiouona akiwa chini, yakaenda, yakaenda, mpaka yakashikana na mji, na hapakuwa na mahali ungeweka kidole useme hapa Kasense inaishia na mji unaanza. Miaka yote alisimama mlangoni akidhani anauona mji. Kumbe alikuwa akiona ukosi wa shati, mwenye shati hajamwona.

"Mungu wangu," alisema, polepole. "Na watu wote hawa wanakula."

"Na wanataka maji," Gabriel alisema.

Katikati ya wingi ule kulikuwa na kipande kimoja cha kijani. Kijana akakileta karibu. Ndani yake intumba za Bertilla zilipangika mistari kwa mistari, duara baada ya duara, nafasi ileile kati ya moja na nyingine, kama alizishusha kwa uzi. Hakuwa na uzi. Alikuwa na miguu tu. Alipima kwa hatua, akirudi kinyumenyume. Hakuna aliyewahi kuiona kazi ile kutoka hapo juu, wala yeye mwenyewe. Kalisti alitazama muda mrefu, na kijana alikuwa na adabu, hakumharakisha.

Kisha mzee akasogeza uso karibu.

"Hili," akasema.

Mstari wa nne, tuta moja lilikuwa limetoka. Lilisimama kando ya wenzake kwa hatua moja, na lilikuwa nene kuliko yote.

"Alikosea kidogo tu, mzee. Kwa macho si mbaya."

"Mke wangu hakosei mstari." Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba kusema juu yake kama mtu aliyepo. Alimrudishia kishikwambi. "Mwite Jovina. Na Salome mwite."

Alichukua jembe la Bertilla, si lake. Alipita kati ya matuta bila kukanyaga hata moja, akafika kwenye lile lililotoka. Jovina alikuja mbio ameshika kanga. Salome alisimama njiani, sindano ingali imechomekwa kifuani mwa blauzi.

"Baba, nikusaidie?" Salome aliita.

"Hili niachie."

Alama za viganja zilikuwepo juu. Aliweka kiganja chake hapo kwanza, kikazifunika. Halafu akakata.

Harufu ilitoka kabla ya kitu kingine, harufu ya udongo ulioiva. Ulikuwa mweusi, laini, unamumunyika. Alifungua kwa mikono alipokaribia chini. Vidole vikagusa bati. Akafukua pembeni, akatoa sufuria. Lile sufuria lililotoboka, limefunikwa kichwa chini. Na chini yake, safi, bila hata punje ya udongo juu yake, zege na chuma chake na namba zake.

Kalisti aliligeuza sufuria mikononi.

"Alisikia wale wa chuma chakavu wameanza kung'oa," Salome alisema. "Nakumbuka. Wewe ulikuwa Msanzi. Aliniambia, mwanangu, hivyo vitu ukiviacha wazi havilali. Mimi nilidhani anasema juu ya kuku."

Jovina alijaribu kucheka, ikashindikana, akajifuta kwa ncha ya kanga.

Gabriel alipiga magoti akasoma namba, akaziandika, akazisoma tena. Kisha akarusha kile kidude mara ya pili, maana ilimpasa kupiga picha ya bikoni mahali ilipo. Kalisti alisogea bila kuitwa. Aliona doa jeusi kwenye mstari wa nne na nukta nyeupe katikati yake. Aliona pia, kando ya njia, paa la Salome, zima, na Salome mwenyewe amekaa chini pale njiani kama mtu aliyetua mzigo.

"Hicho chombo kinajua kuhesabu?" aliuliza.

"Kuhesabu nini, mzee?"

"Mapaa. Ya mtaa huu tu."

Kijana alibonyeza hapa na pale, wakangoja.

"Elfu moja mia tatu na kumi na mbili."

Kalisti aliirudia hesabu ile kimoyomoyo, aibebe vizuri. Bertilla kwa kidole alikuwa ameishia mia na tisa. Angelishangaa, halafu angesema chombo kimekosea, kwa sababu kuna mtu ameezeka kikiwa katikati ya hesabu.

Upande wa milima ya Mbizi wingu lilikuwa limeanza kukaa. Mvua ya mchana ingekuja, na ulezi hauna subira na mtu. Alivaa kofia. Sufuria akampa Salome amshikie. Akasogea kwenye tuta la pili, akaweka kiganja juu yake kidogo, akainua jembe.

"Mwanangu," alimwambia Salome bila kugeuka, "kama una jembe, anzia mstari ule wa mwisho. Ukanda wa barabara tuuache. Huku kwingine tupande."