Kofia ya Bakari Niliyoipanua

Siku yangu ya kwanza kazini niliigeuza kofia ya imamu ikawa ya buluu. Na sisemi buluu ya kuotea, nasema buluu ya shati la eskola, la wanafunzi. Fundi Mkuu alikuwa amenieleza vizuri: anili, ule unga wa buluu unaozidisha weupe wa nguo, hufungwa kwenye kitambaa na kupitishwa majini mara moja tu, kama mtu anayesalimia huku anakwenda zake. Lakini mimi nilikuwa nimetoka sekundaria na cheti mfukoni. Nikawaza, kama kidogo kinang'arisha, kingi kitafanya maajabu. Nikatumbukiza kipande kizima, nikaenda kunywa chai.

Ijumaa imamu akapanda mimbari hivyo hivyo, maana hakuwa na kofia nyingine. Hotuba ilihusu subira. Fundi Mkuu hakunipiga. Aliniita pembeni tu akaniuliza, "Nasoro mwanangu, huko sekundaria walikufundisha kupima au kumwaga?"

Nyinyi vijana mnaovaa kofia za mashine mtashangaa kwamba mtu aliyesoma alichagua kufua kofia. Baba yangu naye alishangaa mpaka anaingia kaburini. Alitaka niwe karani. Lakini karani hupewa giya, ile karatasi ya uhamisho, leo yuko Mocímboa na kesho kutwa anatafuta chumba Montepuez. Kofia hufuliwa kibarazani, hatua kumi kutoka kitandani. Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata kobe ananizidi safari.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kofia ya mkono ina vipande viwili, duara la juu na ukanda wa pembeni. Mshonaji hutoboa vitundu vidogo kwenye kitambaa, kisha huzungushia kila kitundu uzi, kimoja kimoja, mpaka maua yatokee. Hiyo ni kazi ya miezi. Mfuaji huiloweka kwa sabuni ya kipande, huipapasa kwa brashi laini, na haikamui kamwe. Kisha huipiga wanga wa muhogo na kuivisha kalibu, yaani kichwa cha mti, mpaka ikauke ikiwa imesimama. Kila mteja alikuwa na uzi wake, umezungushiwa kichwa chake, umefungwa fundo na kutundikwa msumarini. Ukiingia kwa Fundi Mkuu ulikuta vichwa vya mtaa mzima vinaning'inia ukutani.

Na kuna kitu tulikiita mkono. Mkono ni namna mshonaji anavyovuta uzi wake. Mmoja hukaza, mwingine hulegeza, mwingine huegemea kushoto. Fundi Mkuu alikuwa akishika kofia gizani akamtaja aliyeshona. Mimi ilinichukua miaka mingi, na hata hivyo nilihitaji mwanga.

Fundi Mkuu alipofariki nilipata kazi kwenye lavandaria, chumba cha kufulia, hospitalini, chini ya Shefe, mama mmoja mnene kutoka Zambezia aliyetembea na kikombe cha kahawa kama askari na bunduki. Siku moja alinikuta nazungushia shuka uzi. Mazoea ni kitu kibaya. "Senyori Nasoro," akasema, "shuka halina kichwa. Likunje, lete jingine." Pale nilijifunza kufua haraka, na sikukupenda.

Baadaye nikapelekwa kisiwani Vamizi, kwenye hoteli ya wageni. Jerente, ndiye msimamizi mkuu, alikuwa kijana mpole. Mgeni mmoja alinunua kofia yangu ya kichwani akaitundika ukutani chumbani mwake, kwa msumari, katikati ya duara. Nilipoingia kuchukua mataulo nikaona kofia imepigwa msumari wa utosi. Nilikaa kitako sakafuni. Jerente, aliyeniita Tiyo, yaani mjomba, akaniambia, "Tiyo, ameipenda, ndiyo maana." Mwezi ulipoandama mara ya pili nikamwambia mama yangu anaumwa. Mama alikuwa mzima, anachambua mchele. Nikarudi nyumbani, na tangu hapo sikuajiriwa tena na mtu.

Basi nikafungua kibaraza changu mwenyewe hapa bairo, mtaani kwetu. Nilifua kofia za watu, na pembeni nikauza za zamani, zile ambazo familia huzitoa msiba ukishaisha. Jirani yangu Mwanasha, mjane mwenye ulimi wa wembe, akaweka kalamidade yake pembeni yangu, ndiyo hiyo mitumba. Kila Jumamosi alikata kamba za fardu, robota linafumuka, na bairo zima linajaa. Sijaona starehe ishindayo ile. Watu wanachimba mpaka kwapani. Mmoja anaibuka na koti la baridi kali, joto lenyewe hili, analivaa hapo hapo na kutembea kama waziri. Mwingine anapata kapulana, ile leso ya kujifunga, ya zamani, ya maua ambayo hayachapwi tena, analia kwamba bibi yake alikuwa nayo. Mwanasha anapiga kelele, "Chagua, chagua, nguo haina jicho la mwenyewe!" Mimi nimekaa pale, sijaenda popote, na dunia yote inanijia imekunjwa.

Halafu vita vikaja, tukakimbia mji. Hiyo habari wengine wamekwisha kuisimulia, nami sina nguvu ya kuirudia. Nitasema tu kwamba watu walibeba watoto na masufuria, na mimi nilibeba ndoo ya kofia za wateja, saba. Njia nzima Mwanasha alinisema: "Watu watakula nini, Nasoro, wanga?" Lakini kofia ni amana. Nilikuwa sijapoteza hata moja tangu nimejiajiri.

Tuliporudi, wenyewe walizifuata mmoja mmoja, au watoto wao. Ikabaki moja, ya Mzee Bakari. Ilikuwa nyeupe kwa nyeupe, maua madogo kama punje za mtama, imeshonwa na mkewe Bi Zaina, aliyefariki kabla hatujakimbia. Bakari mwenyewe tulipotezana naye njiani. Kule Pemba, mji wa huku bara tulikokimbilia, si kile kisiwa, mpwa wake alimsomea hitma, na mimi nilihudhuria. Nilikula wali wa hitma ile, na nikaongeza sahani. Kwa hiyo nilikuwa na ushahidi tumboni kwamba Bakari ni marehemu. Mpwa nikampelekea habari ya kofia, akajibu kwamba yeye havai.

Hapo ndipo alipoingia Dotora Selesti, Dotora kwa maana ya msomi wa chuo, si mganga. Alikuwa ameletwa kutoka Inhambane kufanya kazi kwenye utawala wa wilaya, na Jumamosi yake ilikuwa ni sisi. Alipenda kitu cha mkono kuliko chakula. Alikuwa akiigeuza kofia ndani nje, anatazama mgongo wa mshono, anaiinua juani aone vitundu. Hakuna aliyemfundisha. Mara nyingi alishika ya Bakari, mara nyingi nikamwambia hiyo haiuzwi. Mwisho nikamwuzia. Akaivaa. Haikuingia, kwa sababu ya misuko yake.

"Ai, Tiyo! Pena, bahati mbaya! Kichwa changu kikubwa."

"Kichwa hakina kosa, Dotora," nikasema. "Njoo Jumamosi ijayo."

Na hapa ndipo aibu yangu ilipo, si kwenye anili. Nilifumua mshono wa nyuma, nikatia kipande cha shati la kalamidade, upana wa kidole. Uzi wa zamani wa mshono nikautupa. Wala sikusitasita, nilikuwa napiga mluzi. Dotora akaivaa, ikamkaa, akaenda nayo sokoni na mpaka ofisini. Wazee wa msikitini walishtuka kuona kofia juu ya misuko ya mwanamke, wakaja kunilaumu. Nikawajibu kwamba biashara haina jinsia. Mwanasha akacheka sana, akasema, "Sikia maneno! Huyu jana alikuwa anaogopa kwenda gulioni."

Jumamosi moja, Dotora yuko ndani ya lundo mpaka mabegani, Mwanasha anakunywa uji, nikasikia hodi. Nikainua macho. Bakari.

Amekonda, ana fimbo, ndevu zimekuwa nyeupe zote, lakini Bakari. Bakuli la Mwanasha likaanguka. Mimi nikaanza kusoma ile dua ya wafu, kwa sauti, mbele ya mwenyewe.

"Acha kunisomea," akasema. "Nilikuwa naumwa, ndani kule, mbele ya Awasse. Wamakonde wamenitunza, hawakunijua wala sikujijua. Sasa nimepona. Nimekuja kuchukua kofia yangu, Nasoro. Uliniambia Ijumaa."

Dotora akaibuka kutoka kwenye lundo akiwa ameshika blauzi, anacheka, na kofia iko kichwani mwake.

Bakari aliitazama. Hakupiga kelele, na heri angepiga.

"Dada," akamwambia, "hiyo alishona mke wangu."

Dotora aliivua kwa mikono miwili, kama mtu aliyegundua amebeba mtoto wa mwenzake. "Tiyo Nasoro," akaniambia polepole, "uliniambia mwenyewe amekufa."

"Amekufa," nikasema. "Nilikula wali wake."

Bakari akaizungusha kofia mkononi, akafika nyuma. Kidole kikasimama. "Hiki nini?"

"Kitambaa."

"Cha nini?"

"Ilikuwa ndogo kwake, Bakari."

"Haikuwa yake." Akaketi kwenye ngazi yangu. "Nyumba imeungua, Nasoro. Picha zimeungua. Makaburini pameota vichaka, tangu juzi natafuta la Zaina silioni. Kitu alichokishika yeye, kilichobaki, ni hiki. Irudishe kama ilivyokuwa."

Dotora hakutaka kurudishiwa chochote, wala hakuniaga.

Nilifanya kazi siku tisa. Nilitoa kile kipande cha shati, nikakuta kwenye kitambaa cha Bi Zaina matundu ya sindano yake bado yapo, safu nzima, kama nyayo kwenye udongo uliokauka. Nikaamua nisitoboe hata tundu moja jipya. Uzi mpya nikauchemsha na majani ya chai upate uzee. Nikapita kwenye matundu yake, moja baada ya jingine, nikikaza alipokaza na kulegeza alipolegeza. Macho yalinitoka maji. Nikaifua, nikaipiga wanga, nikaivisha kalibu. Mwanasha alipitisha uso karibu akasema haoni kitu, na Mwanasha huona mpaka doa lililofuliwa. Katika maisha yangu yote sikuwahi kufanya kazi nzuri kama ile. Nasema hivyo bila kujisifu, maana mtasikia.

Bakari alikuja, akaivaa. Ikamkaa sawasawa. Akapitisha kidole ukandani, polepole, amefumba macho, akitokea usoni kwenda sikioni. Kilipofika nyuma kikasimama.

"Hapa yupo mtu mwingine," akasema.

Macho alikuwa ameyafumba!

"Matundu ni yake, Bakari. Sikutoboa hata moja."

"Najua. Lakini anayepita humo si yeye. Fumua."

"Nikifumua itabaki wazi nyuma."

"Iache wazi. Afadhali pawe na pengo nijue ni pengo."

Nikafumua. Kazi ya siku tisa niliitoa kwa muda wa kuchemsha chai. Alivaa kofia yake na kile kipasuo kisogoni, akashukuru, akaenda msikitini. Mpaka leo anatembea hivyo, na kila anayeswali nyuma yake ana nafasi ya kutosha kutazama. Wageni wakimwuliza fundi gani aliyemfulia, hutaja jina langu kwa upole kabisa. Dotora naye alirudi baada ya muda, ananunua tena kwenye lundo la Mwanasha, lakini kila anachokishika huuliza kwanza: "Tiyo, mwenyewe yuko hai?"

Jioni ile niliyofumua nilishusha ukutani nyuzi zote za vichwa vya wateja wangu, nikazifunga pamoja, nikatangaza kwamba nimestaafu. Sasa nina muda wa kufikiri, na nimefikiri. Nilidhani kazi yangu ni kuifanya kofia ya zamani ionekane mpya, na watu walinilipa kwa hilo, na nililifanya vizuri. Sikuwahi kumwuliza mteja hata mmoja kama ndicho anachotaka. Nanyi mnaopenda kununua vitu vya zamani, nunueni, ni starehe halali. Chimbeni mpaka kwapani. Ila mkiona kiraka, msikimbilie kukitoa. Mtu alikiweka pale.

Haya ndiyo niliyokuwa namweleza Mwanasha juzi asubuhi, nimejilaza mkekani, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupima mambo. Nilimwambia fundi wa kweli huijua siku yake ya kushuka, na kwamba mimi nimeshuka kwa heshima. Alikuwa anamenya muhogo. Hakuinua hata uso.

"Bakari alikuambia ufumue nyuzi, hakukuambia ufunge kibaraza," akasema. "Watu wana kofia chafu mtaa mzima, na wewe umelala unajililia. Mvivu mkubwa wewe."