Sabato Niliyomshikisha Mzee David

Wapendwa, kwa sheria za Wayahudi msinifundishe. Mimi ni Mkatoliki wa Bukavu, lakini hapa London nimemtunza bibi wa Kiyahudi kwa miaka. Siku ya Sabato hakuna kuwasha kitu; hata balbu ya friji naitoa Ijumaa, jua halijazama.

Basi juzi nikapelekwa Edmonton, hapa hapa London, kwa mzee mpya, David, aliyehamia karibuni. Mlangoni nikaona kile kijisanduku cha maandiko wanachopigilia Wayahudi. Kuuliza? Mtaalamu haulizi! Ijumaa nikazima televisheni, nikatoa balbu ya friji, nikaficha birika la umeme. Kesho yake mzee akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Leo Sabato, mzee. Hatuwashi."

Akaitikia kwa kichwa, akanywa supu yake ya baridi. Nikajiona rabi mzima.

Jioni binti yake akaingia. "Baba, mbona umekaa gizani?"

"Usiwashe, mwanangu," mzee akanong'ona. "Dada huyu ni Myahudi. Tuheshimu dini yake. Chai nitakunywa kesho, nikitoka kanisani."

Kumbe kile kijisanduku kiliachwa na wapangaji waliohama. Lakini jamani, sheria sikukosea hata moja. Nilikosea nyumba tu.