Mpiga pasi wa Mudzipela aliyekionea wivu kitabu cha mumewe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, makala, kama mkaa unavyoitwa huku, yameshika moto. Martine Lotsove anainua pasi yake ya chuma, anaitikisa mara mbili kuondoa majivu, analowesha kidole kwa ulimi na kugusa chini. Chuma kinalia. Anavuta shati la kwanza.

Mbele yake kuna rundo la sare za wanafunzi, mashati meupe na sketi za buluu. Wenyewe watazifuata kabla ya kengele ya shule. Pikipiki za abiria za mtaa huu wa Mudzipela, mjini Bunia, zinapita karibu na meza yake ya mbao, na kila zikitimua vumbi anafunika nguo zilizonyooka kwa kitenge, bila kuangalia, kama mtu anayefukuza inzi.

Kwenye kona ya meza, mbali na cheche, kuna kitabu chenye jalada la kijani. Kimefunguliwa na kuwekewa jiwe juu. Kila akimaliza shati, Martine anainama na kusoma mistari miwili au mitatu. Kidole kinatembea chini ya maneno, midomo inacheza.

“Nikiondoa kidole, mustari inanipotea,” anasema. “Nilisoma primaire miaka tatu tu. Lakini hiki kitabu nitakimaliza. Kiko na deni yangu.”

Anacheka, kisha anaacha kucheka.

Martine ana miaka arobaini na moja na watoto wanne. Kabla ya vita alikuwa mkulima wa maharage na viazi huko Fataki. Mwaka 2019 alikimbilia Bunia, akafuatwa na mumewe, Théodore Ngabu, ambaye sasa anatengeneza madawati na milango katika karakana moja ya useremala. Nguo moja Martine anaipiga pasi kwa faranga mia tano. Siku nzuri anapata nguo arobaini. Siku ya mvua anapata kumi, na makala yanaungua bure.

Hakuanza kusoma kwa kupenda kusoma. Alianza kwa wivu, na hilo analisema wazi kwa yeyote anayemuuliza.

“Batu banasema nilipenda hekima,” anasema. “Hapana. Ilikuwa jalousie. Jalousie kabisa.”

Mwaka jana, paroko wa parokia moja mjini aliita karakana ya Théodore kutengeneza mabenchi ya ukumbi. Théodore alitumwa Jumamosi mchana. Alipokuwa anapigilia misumari, watu kumi na wawili waliingia wakiwa na nakala tano za kitabu kimoja, wakakaa kwenye mabenchi yaliyobaki na kuanza kusoma kwa sauti, wakipokezana. Ni kundi la mwalimu mstaafu Kamate, aliyehamia Bunia kutoka Kivu ya Kaskazini. Husoma hadithi zinazozungumzia dhuluma, watu wanaoonewa na watu wanaoonea, kisha hujadiliana.

Théodore aliweka nyundo chini akasikiliza. Wiki iliyofuata alirudi, na safari hii hakukuwa na benchi la kutengeneza.

“Kila samedi ananiambia: Mama Gracia, nipigie chemise pasi,” Martine anasimulia, akimwiga mumewe kwa sauti nzito. Gracia ni mtoto wao wa kwanza. “Napiga. Ananawa, anavaa, anaenda. Anarudi sura inang’aa. Namuuliza mulisoma nini, anasema: aa, weye hutaelewa, ni Kiswahili ya bitabu.”

Neno hilo lilimchoma. Kisha likaja jina.

Siku moja wakila, Théodore alisema kwamba Mama Sandrine anasoma vizuri sana. Baadaye kidogo akasema Mama Sandrine ameeleza sura ile vizuri sana. Alipotaja jina hilo mara ya tatu, Martine alitoa sahani mezani kabla mumewe hajamaliza ugali.

Mama Sandrine ni mfanyabiashara wa vitenge, mjane aliyetoka Butembo. Anasoma Kifaransa na Kiswahili bila kukwama. Martine alimfahamu kwa sura tu, kwa sababu gauni zake zilishawahi kupita chini ya pasi hiyo hiyo.

“Nilianza kumuona mahali pote,” anasema. “Nikipiga pasi gauni ya mutu mwingine, naona ni yake. Nilikuwa nanusa kola ya bwana yangu kama mbwa. Ilikuwa inanuka maranda ya mbao tu. Lakini ukiwa na ile ugonjwa, hata kukosa harufu unaona ni ujanja.”

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, Martine alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanyia vazi la mteja katika miaka sita ya kazi. Aliweka pasi juu ya kola ya shati la Théodore, akaiacha hapo, akasubiri mpaka moshi ukapanda.

Théodore aliliangalia shati. Hakugomba. Alivaa fulana ya kazini akaenda.

“Hapo njo nilijua iko neno,” anasema Martine. “Mwanaume anaenda kuona mwanamuke na fulana ya rangi ya mbao? Hapana. Basi iko nini kule? Nikafunika makala, nikamfuata.”

Alisimama nje ya ukumbi, chini ya dirisha lisilo na kioo. Ndani walikuwa wakisoma kitabu cha kijani. Ni riwaya kuhusu wanawake wawili: mtumishi katika nyumba ya tajiri wa kahawa, na mke wa tajiri huyo. Wote wamejifungua wiki moja, wananyonyesha chini ya paa moja, ila hawali meza moja. Katika sura ya siku ile, mtumishi anabisha hodi mlangoni mvua ikinyesha, na wa ndani wanajifanya hawasikii.

Mwalimu Kamate aliuliza nani kati yao alishawahi kusikia mtu akibisha, naye akanyamaza. Kisha Martine alisikia sauti ya mumewe.

Théodore alieleza siku waliyotoroka Fataki. Mkewe alikuwa ametangulia na watoto katika kundi la kwanza. Yeye alifuata nyuma akisukuma baiskeli iliyobeba gunia la maharage na godoro la mistari lililofungwa kwa kamba ya mbuzi. Kwenye njia panda, mama mmoja asiyemjua, aliyekuwa akitoka upande wa Bambu, alimnyooshea mtoto mgonjwa. Alimwomba atupe gunia, ampakie mtoto.

“Nilimwambia hakuna nafasi,” Théodore alisema ukumbini. “Nafasi ilikuwako. Sikutaka kutupa maharage.”

Martine aliinua macho hadi usawa wa dirisha. Théodore alikuwa analia. Mama Sandrine alikuwa ameweka mkono juu ya bega lake.

“Ule mukono ulinikata,” Martine anasema. Ameacha pasi, na anaongea polepole. “Lakini kilichonikata zaidi ni siri. Miaka mingi ile nalala pembeni yake, juu ya ile godoro ya mistari, hajawahi kuniambia. Kitabu kilimuuliza siku moja, akakiambia. Kikamjua kunishinda miye.”

Kulikuwa na jambo lingine, ambalo ukumbini hakuna aliyelijua. Martine alimfahamu yule mama wa njia panda.

Anaitwa Véronique. Anaishi katika kambi ya wakimbizi wa ndani pembeni ya mji, na kwa miaka miwili amekuwa akimletea Martine makala kila Jumatatu. Akitua gunia alizoea kupumzika na kusimulia. Alishamweleza Martine kuhusu mwanaume wa baiskeli, godoro la mistari na kamba ya mbuzi. Martine alimhurumia, wala hakufikiria zaidi. Siku zile barabara nzima ilikuwa baiskeli na magodoro. Sasa alielewa. Alijua pia jambo ambalo Théodore hakulijua: mtoto yule hakufa. Véronique alimbeba mgongoni mpaka lori moja likawaokota. Leo ni msichana wa miaka tisa, yuko shule.

Neno moja tu la Martine lingemtua mumewe mzigo wa miaka. Hakulisema.

“Wiki tatu,” anasema. “Wiki tatu nilinyamaza. Hakuwa analala vizuri. Chakula anaacha. Nilikuwa namuona. Nasema ndani ya roho: nenda kwa Mama Sandrine akushike bega. Nenda kwa kitabu yako ikupe jibu. Nilitaka aniulize miye. Aniambie: Martine, nilifanya hivi. Hapo ningemuambia.”

Kila Jumatatu Véronique alifika, akatua gunia, akaenda. Martine alimlipa na kumwangalia akiondoka.

Katika wiki ya tatu ilikuwa zamu ya Théodore kukaa na kitabu nyumbani. Alikiacha juu ya kabati akaenda kazini. Martine alikishusha. Alitaka, kwa maneno yake, kuona sura ya huyo aliyemnyang’anya mume.

Ukurasa wa kwanza ulimchukua asubuhi nzima. Kiswahili chake kilikuwa kigumu kwelikweli, Kiswahili sanifu cha ng’ambo ya ziwa. Alikasirika, akakifunga, akakifungua tena. Siku ya pili maneno yalianza kumzoea. Siku ya nne alifika mahali ambapo mtoto wa mtumishi anashikwa na homa. Dawa iko katika kabati la mke wa tajiri, na ufunguo uko shingoni mwake. Mke huyo hana moyo mbaya. Ila asubuhi ile amemwona mumewe akicheka na mtumishi, na anangoja aombwe kwa magoti.

“Nilisoma ile page mara mbili,” Martine anasema. “Nikashika shingo yangu hivi. Nikajiambia, mama, ufunguo iko kwako.”

Shati la mteja liliungua siku hiyo, safari hii bila kukusudia.

Théodore aliporudi jioni alimkuta mkewe amekaa kwenye benchi, kitabu mapajani. Wote wawili wanakumbuka mazungumzo hayo vilevile.

“Ule mutoto wa njia panda anaishi,” Martine alimwambia.

“Mutoto gani?”

“Wa mama wa Bambu. Mwenye ulikatala kupakia.”

Théodore alikaa chini. “Nani alikuambia?”

“Weye, kwa dirisha ya ukumbi. Na mama yake ananiuzishaka makala.”

“Tangu lini unajua?”

“Wiki tatu.”

Théodore anasema hakuwahi kumkasirikia mkewe kama saa ile. Alitoka nje, akazunguka nyumba, akarudi. Kisha, anasema, hasira ikakosa mahali pa kushika. “Miye nilinyamaza miaka, yee wiki tatu. Nitamuhukumu na mudomo gani?”

Jumatatu iliyofuata hakwenda karakana. Alingoja mezani pa mkewe. Véronique alipofika alimpokea gunia, akalitua mwenyewe, akamwambia yeye ndiye mtu wa baiskeli.

Hakukuwa na kukumbatiana. Véronique, mama mwembamba mwenye sauti kavu, anasimulia alivyomjibu: “Nilimuambia, papa, sura yako nilishasahau. Ile gunia njo nakumbuka. Sijui kama nimekusamehe, usiniharakishe. Lakini kama uko fundi, mulango ya nyumba yetu kule kambini haifungi.”

Théodore alienda siku hiyo hiyo akautengeneza. Wiki iliyofuata alitengeneza wa jirani yake. Sasa kila Jumapili baada ya misa hupita huko na randa na misumari. Véronique bado hamwiti kwa jina, anamwita “fundi”. Théodore alimtengenezea yule binti kiti kidogo.

Wivu wa Martine haukuisha. Ulihama. Alijiunga na kundi la Jumamosi, akakaa katikati ya mumewe na Mama Sandrine, na ndipo bado anapokaa. Mama Sandrine alipomsahihisha neno mbele ya watu, Martine alimwambia angoje aulizwe.

Mama Sandrine, akiwa dukani kwake kati ya vitenge, anacheka akisimuliwa hilo. Halafu anakunja kitenge ambacho hakikuhitaji kukunjwa. “Anaona miye niko na kitu yake. Ajue basi: tukimaliza kusoma, beko wawili banarudi nyumbani banabishana njia yote juu ya hadithi. Miye narudi na kitabu, nakiweka juu ya meza, hakuna mwenye kuniuliza kitu. Nani amuonee mwenzake wivu?”

Martine aliambiwa maneno hayo. Alipiga pasi shati zima, kola, mikono na mgongo.

“Hakuniambiaka,” alisema mwishoni. Kisha akaongeza kwamba Jumamosi ijayo atamwalika wale maharage kwake. “Lakini akae upande ya watoto.”

Mwalimu Kamate anasema hajawahi kupata msomaji kama huyu. Wengine humtetea mtumishi na kumlaani mke wa tajiri. Martine peke yake alisimama kumtetea mke wa tajiri, akadai kwamba mwandishi hakumpa nafasi ya kusema kwa nini. “Ukumbi ulimzomea,” anasema mwalimu. “Hakukaa chini. Tuliachana saa moja baada ya muda wetu.”

Sasa kundi linangoja vitabu vipya ambavyo mwalimu ameviagiza kutoka Kampala, nakala za riwaya nyingine, kuhusu wachimbaji wa dhahabu na wake zao. Vitafika kabla ya Pasaka kama barabara itakuwa salama. Martine amekwishamwendea mwalimu mara mbili nyumbani kwake, kumwomba jambo moja: nakala ya kwanza kufika iwe yake. Véronique amekubali kuja kumsikiliza Martine akisoma kwa sauti, makala yakiwa yanashika moto.

Anachotaka hasa hakifichi.

“Nitatangulia,” anasema, akigeuza ukurasa kwa kidole chenye majivu. “Nitasoma mpaka mwisho, nitafunga kitabu, nitapika. Théodore atarudi kazini, atakaa, ataniangalia. Na safari hii ni yee ataniuliza: Martine, halafu ikakuwa nini?”