Finjani ya Bi Alya na Tairi Laini

Bi Alya hakuwa na haja ya kumwuliza dereva leseni. Yeye alikuwa na finjani. Alikaa kiti cha nyuma, mtumishi wake Robinah pembeni yake ameshika dele la kahawa, na mwenyewe akaipakata ile finjani isiyo na mkono, imejaa pomoni. Kahawa ikimwagika hakugomba. Alifuta baibui lake, akanyamaza mpaka nyumbani, na jioni mwanawe Aiman akamwita dereva chemba. Watatu walishaondoka hivyo. Mmoja alimwaga kwenye tuta la Mirdif, Dubai, na tuta lenyewe halikupakwa rangi. Wa pili alimwaga kwa usingizi, huyo simtetei. Wa tatu alikanyaga breki ghafla pale Al Rigga, na kwa nini alikanyaga, hakuna aliyemwuliza.

Wahid, mtu wa Kuze kule Mombasa, alikuwa wa nne, na huu ulikuwa mwaka wake wa tano. Aliufundisha mguu wake adabu. Hakusimamisha gari, alilibembeleza mpaka likasimama lenyewe. Jicho moja lilikuwa barabarani, la pili kwenye kioo, na kwenye kioo hakutazama magari ya nyuma, alitazama finjani. Wenzake aliopanga nao chumba Al Nahda walimwita dereva wa kahawa, naye akacheka nao, kwa sababu wao walikuwa wakibadilisha kazi kila mwaka na yeye yupo pale pale. Kibali chake cha kazi kilikuwa mikononi mwa Aiman. Akifukuzwa, safari ni ya Mombasa, na binti yake Muna ndiyo kwanza alikuwa ameingia chuo. Hilo ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi, si jingine.

Mwezi wa saba tairi ziliisha. Wahid alimpigia Aiman, Aiman yuko mkutanoni, akasema chagua wewe, dereva ni wewe, khalas. Jambo dogo, lakini Wahid alitamani aamriwe. Akalipeleka gari gereji kwa rafiki yake Linus, Mganda wa Masaka, fundi wa tairi mwenye mikono myeusi na maneno mengi.

Linus akamwekea aina mbili mbele yake. Moja ni tairi za kiangazi za magari ya mbio, kama zile zilizokuja na gari: ngumu, zina kelele, hazidumu muda mrefu, lakini kwenye lami ya moto zinashika. Nyingine ni za misimu yote: laini, kimya, za kudumu, ila joto likizidi mpira wake hulegea na gari huchelewa kusimama. Wahid alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja tu, ipi inatikisa kidogo. Linus akamtazama kama mtu aliyeulizwa kiatu kipi kinanukia vizuri.

"Wewe unaendaga Al Ain kila wiki na hii jua," Linus akasema. "Chukua ya kiangazi, ndugu yangu."

Wahid akaleta habari ya mvua. Akamkumbusha mwaka ule maji yalipojaa barabarani, magari yakaelea. Linus akamjibu kwamba za kiangazi nazo zinapita kwenye maji, tena mvua ile ilikuja mara moja, na jua liko pale nje linawangoja. Wahid akachukua za misimu yote. Alijiambia ni kwa ajili ya mvua. Alijidanganya, na alijua kwamba anajidanganya.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Gari lilipita kwenye matuta kama halikuyaona. Bi Alya, ambaye alizaliwa Unguja na Kiunguja chake hakikuchuja kwa miaka yote ya Dubai, akamsifu kwa namna yake. "Leo umenichukua taratibu kama jeneza," akasema, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa. Wahid alilala vizuri usiku ule.

Kisha akaanza kuona mambo. Asubuhi gari lilikuwa sawa. Ikifika adhuhuri, usukani ulichelewa kujibu, na kwenye taa za Jumeirah Lake Towers mara mbili alisimama pua ya gari ikiwa imeshauvuka mstari. Akaanza kuacha nafasi kubwa mbele, watu wakaanza kumpigia honi. Robinah, ambaye hakuwa mtu wa kusema sana, akamwuliza kaka Wahid mbona siku hizi tunasimama mbele ya mstari. Akamwambia ni joto. Angeweza kurudi kwa Linus. Lakini kurudi kulikuwa na maana ya kukiri kwa Aiman kwamba alichagua vibaya, na kurudisha tairi za kutikisa, na finjani ile. Akaahirisha. Mimi hapo ndipo ninapomkasirikia, ingawa sijui kama ningefanya tofauti.

Alhamisi moja dada yake Bi Alya, yule mgonjwa waliyekuwa wakimtembelea Al Ain kila wiki, alizidiwa. Waliondoka mchana jua likiwa limesimama utosini. Bi Alya aliomba kahawa kama kawaida, na kwa mara ya kwanza akamwambia Wahid akanyage mafuta. Wahid akakanyaga. Nje, lami ilimeta kama imemwagiwa maji. Usukani ulikuwa mlegevu viganjani mwake.

Mbele kabisa lori lilipasuka tairi, likayumba, magari yote yakafunga breki. Wakati huo macho ya Wahid yalikuwa kwenye kioo. Bi Alya alikuwa anainua finjani.

Alipoiona pikapu iliyokuwa mbele yake, mguu ukatangulia kwa adabu. Ukabembeleza. Ni kitambo kidogo, kiasi cha kumeza mate. Kisha akakanyaga kwa nguvu zake zote, breki ikatetemeka chini ya unyayo, tairi zikalia, na gari halikusimama. Liliteleza kama sabuni. Wahid akavuta usukani kulia, wakatoka barabarani, wakaingia mchangani, wakasimama ubavuni mwa ile pikapu, karibu kiasi kwamba aliona vidole vya mtu aliyekuwa ameegemeza mkono dirishani.

Hakuna aliyegongwa. Nyuma, Robinah alikuwa amemkinga Bi Alya kwa kifua na mkono, na kahawa yote ya dele ilikuwa imemwagikia mkono ule. Hakulia. Alikuwa akirudia tu kwamba yuko sawa.

Wahid aliushikilia usukani, akangoja ule unyamavu uliowaondoa watatu wale. Bi Alya hakufuta baibui. Alichukua chupa ya maji akaumwagia mkono wa Robinah polepole, mpaka ikaisha, akafungua nyingine.

"Ulikuwa watazama nini?" akauliza.

Angeweza kusema jua. Angeweza kusema lori, na hakuna ambaye angebisha.

"Finjani yako, Bibi," Wahid akasema. "Na hizi tairi nilizichagua kwa ajili yake. Fundi alinikataza."

Bi Alya aliendelea kumwaga maji. Wahid akafikiria Muna, akafikiria atamwambia nini.

"Yule wa Al Rigga," Bi Alya akasema, "alikuwa akimkwepa mtoto wa baiskeli. Mimi nilimwona yule mtoto. Na bado nikamfukuza."

Walikwenda Al Ain mwendo wa pole, na wakamkuta mgonjwa hai. Aiman aliposikia alitaka kumwondoa Wahid siku hiyo hiyo, mama yake akamwambia amwache. Jumamosi Linus alifunga tairi za kiangazi bila kumsimanga, jambo ambalo kwa Linus si dogo.

Sasa gari linatikisa, na nyonga za Bi Alya zinamwuma kwenye kila tuta, naye hasemi. Robinah bado ana kovu mkononi. Dele linabaki nyumbani, lakini finjani Bi Alya bado anakuja nayo, tupu, anaipakata njia nzima kwa mikono miwili. Wahid anajua hilo kwa kuambiwa na Robinah. Yeye mwenyewe hajaitazama tena.