Gari Linaliaje, Bi Azza?

Ukipeleka gari kwa fundi Swaumu pale Ilala, usijisumbue kumweleza kwamba AC inapiga kelele. Atakutazama tu, mikono kiunoni, kisha atakuuliza, "Linaliaje?" Hapo ndipo utamwona mtu mzima na suti yake kasimama katikati ya gereji analia kwii-kwii-kwii kama kifaranga aliyekanyagwa. Kwa miaka mafundi wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, wakidhani ni vituko vyake tu.

Wasichokijua ni kwamba Swaumu hakuwa na utani wowote. Masikio yalikuwa yanamtupa mkono. Sauti nzito, na za watu, alizisikia vizuri, na ukimsengenya karibu yake umeumbuka. Ila zile nyembamba, za filimbi, za vyuma vinavyosagika, zilimtoroka moja moja baada ya miaka ishirini ya kuinamia injini, na yeye akafunga mdomo. Mwanamke fundi, aliyeitafuta nafasi hiyo kwa udi na uvumba, aende akatangaze kwamba hasikii? Thubutu!

Mwezi uliopita siri ikaanza kumtokea puani. Gari alilolitengeneza likarudi linalia vilevile. Wiki iliyofuata likarudi la pili. Yote mawili alikuwa ameyawasha, akasikia kimya, akasema yamepona. Abdulatif, mwenye gereji, akamwita pembeni.

"Da Swaumu, likirudi la tatu, nafasi yako nampa mtu mwenye mashine ya kupimia. Tusije tukalaumiana."

Na gari lililofuata kuingia mikononi mwake lilikuwa la Bi Azza. Huyu ana duka la vitambaa Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi. Mwanamke wa heshima zake, baibui limenyooka, maneno ya kuhesabika. Mafundi wawili walishamwambia kompresa ya AC imekufa, anunue nyingine. Hakuridhika, ndiyo maana akaja.

"Linaliaje, Bi Azza?"

"Si uwashe usikilize? Fundi ni wewe."

"Niigizie kidogo tu."

"Nikuigizie?" Bi Azza akavuta mtandio wake. "Mimi, mwenye wajukuu, nisimame hapa nilie kama panya? Una wazimu?"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Abdulatif peke yake hakucheka. Alikuwa ameegemea nguzo na kikombe chake cha chai, anatazama.

Swaumu akawasha gari, akawasha na AC. Kwake yeye injini ilinguruma shwari kabisa. Lakini alimwona fundi mmoja amekunja uso na kuziba sikio, akajua kelele ipo. Angeweza kubahatisha. Wawili wameshasema kompresa, naye akisema kompresa nani atamlaumu? Lakini kumng'olea mtu kompresa nzima kwa kelele ambayo hujaisikia, huo ni ushenzi, na Swaumu hakuwa mshenzi. Aibu ilimpanda mpaka shingoni. Akazima gari, akasema kwa sauti, wote wasikie.

"Bi Azza, masikio yangu hayasikii sauti nyembamba. Siku nyingi sasa. Sikufanyii mzaha, mama. Niazime ya kwako."

Kicheko kikakatika. Bi Azza akamtazama, akamtazama tena. Kisha mama yule wa heshima zake akausogeza mkoba begani, akakohoa, akaachama.

"Kwiii-kwi-kwi-kwiii!"

"Hapo AC imewashwa au imezimwa?"

"Hata ikizimwa ipo. Ikiwashwa ndiyo inazidi."

"Na ukikanyaga mafuta?"

"Kwikwikwikwikwi!" Bi Azza alishanogewa, mkono hewani anazungusha.

"Basi!" Swaumu alikuwa ameshashika spana. Kompresa ikiharibika ndani, ukizima AC inapumzika na kelele nayo inapumzika. Hii haikupumzika, na ilikimbia pamoja na injini. Kwa hiyo kinacholia ni kitu kinachozungushwa na mkanda muda wote. Akautoa mkanda, akafumba macho, akaanza kuzungusha puli moja moja kwa vidole. Ya kompresa, laini. Ya jenereta, laini. Akafika kwenye kapuli kadogo ka kukaza mkanda, akakazungusha, na vidole vikakuta mikwaruzo, kama kutafuna wali wenye mchanga. Akakazungusha tena apate uhakika.

"Ni hiki, Bi Azza. Beringi yake imekwisha. Kompresa yako nzima, mwana wa watu hana kosa."

Akapanda bodaboda mwenyewe mpaka maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani, akarudi na puli mpya, akafunga. Fundi mmoja akaingia ndani ya gari, akawasha. Swaumu hakuitazama injini. Alimtazama Bi Azza usoni, kwa sababu jibu lake lilikuwa pale.

Bi Azza akainua kidole, wote wanyamaze. Akainama mpaka baibui likagusa bampa lenye vumbi.

"Kanyaga mafuta," akaamuru. Yakakanyagwa. "Washa AC." Ikawashwa. Akainuka taratibu. "Kimya, Swaumu. Wallahi, kimya."

Swaumu akamshukuru Mungu, akajifuta macho kwa mkono wenye grisi, akazidi kujichafua. Abdulatif akamaliza chai yake, akaingia ofisini. Gari limepona, sawa, lakini siri imeshamwagika, na bosi gani anamweka fundi asiyesikia? Swaumu alikusanya vifaa vyake polepole siku ile.

Asubuhi iliyofuata aliingia dereva mmoja na maelezo mengi: AC yake, sijui kelele, sijui ilianza Jumanne, sijui akipita Mnazi Mmoja inazidi. Abdulatif akatoka ofisini, kikombe mkononi.

"Acha hotuba," akamwambia. "Nenda kwa Da Swaumu pale. Simama mbele yake akuone vizuri, halafu ulie."

"Nilie vipi, bosi?"

Abdulatif akaweka kikombe chini, akajikohoza.

"Kwiiii!" akalia mbele ya gereji nzima. "Hivyo. Nenda, fundi anakusubiri."